Konstrakta iliyokula pesa za wasusi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na mada ambayo wengi wetu huipita mbio kwa sababu inaonekana ndogo: unapochukua mstari mmoja kutoka kwenye jedwali la hifadhidata na kuugeuza kuwa objekti ndani ya programu yako, nani ana ruhusa ya kugusa zile fildi ulizozitangaza kuwa za siri? Mtasema hili ni swali la darasani. Mimi nimeliona likikaribia kumtoa mtu kazini pale Soko la Kenyatta, Nairobi, na mtu mwenyewe hakuwa na hatia yoyote.

Lakini tuelewane lugha kwanza, maana najua wanaonisoma si waandishi wa programu peke yao.

Jedwali la hifadhidata halina makuu. Lina mistari na safu, kama daftari la duka: jina, namba, kiasi. Yeyote mwenye nenosiri anaweza kuuliza chochote na kubadilisha chochote. Klasi ni kitu kingine. Ndani yake unaweka data pamoja na kanuni za kuishughulikia, halafu unafunga mlango. Fildi ya siri haiguswi na msimbo ulio nje ya klasi hiyo. Ukitaka salio libadilike, unapiga hodi: unaita fanksheni ya kuweka au ya kutoa, nayo inakagua kabla ya kukubali. Objekti ni mfano mmoja hai wa klasi, yaani akaunti ya mtu fulani ikiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Fikra hizi mbili zina umri unaokaribiana. Edgar Codd alichapisha makala yake kuhusu mfumo wa majedwali mwaka 1970 katika jarida la Communications of the ACM. Miaka miwili baadaye, 1972, David Parnas akaandika katika jarida hilohilo kuhusu jinsi ya kugawa programu katika vipande, akisema kila kipande kiwafiche wengine maamuzi yake ya ndani. Mmoja anataka data ikae wazi ili iulizwe swali lolote, hata lile ambalo hakuna aliyelifikiria siku jedwali lilipoundwa. Mwingine anataka ifichwe. Sisi tunaoandika mifumo ya maduka tunatumia vyote viwili kila siku, na katikati tunamweka mkalimani: kipande cha programu kinachosoma mstari na kujaza objekti, kisha kinachukua objekti na kuandika mstari. Nitamwita hivyo, mkalimani, mpaka mwisho.

Swali ni hili: mkalimani anaingilia mlango gani?

Sasa twende sokoni. Wasioijua Nairobi niwaambie kwamba Soko la Kenyatta, si mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta, lina sifa mbili kubwa, nyama choma na kusuka nywele. Ukiingia tu unakutana na wasusi: "Dada, unasuka?" Ukikubali, kichwa chako kinashikwa na watu wawili, watatu, hata wanne kwa pamoja, ndiyo sababu rasta ambazo kwingine zingekula siku nzima, hapo unaondoka nazo mapema. Moshi wa nyama unakufuata mpaka kwenye kiti. (Mimi huenda kwa ajili ya nyama, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Kwa mwandishi wa programu, kichwa kimoja kusukwa na mikono ya watu watatu ni tatizo tamu la hesabu. Mteja analipa mara moja, tuseme shilingi 1,500. Pesa zinagawanywa. Kibanda kina fungu lake, kila msusi ana lake, na aliyefanya sehemu ngumu ya mbele anaweza kuongezwa kidogo. Katika kibanda ninachokizungumzia, wasusi wenyewe walikuwa wameomba mafungu yao yasitolewe kila siku. Pesa ikiwa mkononi inaliwa na nauli na chai. Basi mama mwenye kibanda anawawekea, na mwisho wa mwezi anawatumia kwa M-Pesa, kodi na karo zikiwa zimefika. Kwa hiyo lile salio lililo ndani ya kompyuta ni akiba ya watu.

Mfumo wao uliandikwa kwa PHP na MySQL. Sikuuandika mimi. Ulikuwa ukitunzwa na kijana mwingine, na kwa jumla aliutunza vizuri. Mimi niliitwa Jumatatu moja kwa simu, na maneno ya mama yalikuwa haya: "Kijana wangu, njoo uangalie hii kompyuta kabla sijamfukuza mtu."

Nilipofika nikakuta hali mbaya. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi nyingi kuliko zote. Jumapili jioni msusi mmoja akauliza salio lake, akitarajia elfu kumi na kitu, akaambiwa ana shilingi 400. Mwingine 500. Mwingine 350. Wote walikuwa wameisha, isipokuwa dada mmoja ambaye wiki ile alikuwa ushago kwa mazishi. Salio lake lilikuwa kamili, halikupungua hata shilingi. Unajua tena mawazo ya binadamu yanakwendaje. Wenzake wakaanza kuulizana kwa nini yeye tu. Na aliyekuwa akiingiza hesabu kwenye kompyuta ni mpwa wa mama, msichana mwenye nenosiri, ambaye kwa bahati mbaya ni rafiki wa huyo aliyekuwa ushago. Hadithi ilikuwa imeshajitunga yenyewe. Yule msichana alikuwa amekaa nje kwenye stuli, hasemi na mtu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuomba daftari. Maana mama, pamoja na kompyuta, hakuacha daftari lake la karatasi. Kila kichwa kinaandikwa humo kwa mkono wake, nani alisuka na alipata ngapi. Daftari liko wazi mezani, kila msusi anaweza kulifungua asome, lakini kalamu ni ya mama. Nikalinganisha. Yule mwenye shilingi 400: kichwa chake cha mwisho Jumamosi kilimpa 400. Yule mwenye 500: kichwa cha mwisho, 500. Yule wa 350, vilevile.

Mwizi haachi salio sawasawa na malipo ya kichwa cha mwisho. Programu ndiyo inayofanya hivyo. Nikamwambia mama amwite mpwa wake ndani, anywe chai.

Ndani ya msimbo nikakuta klasi ya Akaunti, safi kabisa, fildi ya salio ikiwa ya siri. Alhamisi iliyotangulia mtunzaji alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye konstrakta, ile fanksheni inayoitwa objekti inapoundwa: kila akaunti ianze na salio la sifuri. Ukiisoma hivyo, nani atabisha? Akaunti mpya haina pesa.

Mkalimani naye alikuwa ni PDO, ile maktaba iliyokuja na PHP 5.1 mwaka 2005. PDO ina njia rahisi sana: unaiambia jina la klasi, nayo inakurudishia mstari ukiwa tayari objekti. Watu wengi hawajui mambo mawili kuhusu njia hiyo. La kwanza, haiheshimu usiri wa fildi. Inaziandika moja kwa moja, za siri na za wazi, haipigi hodi. La pili, inaziandika kabla ya kuita konstrakta. Kwa hiyo salio la elfu kumi linasomwa kutoka kwenye jedwali, linawekwa ndani ya objekti kwa usahihi, halafu konstrakta inaamka, inadhani kuna mtoto amezaliwa, inaandika sifuri. Programu inaongeza shilingi 400 za kichwa kipya. Inahifadhi. Elfu kumi kwaheri. Dada aliyekuwa ushago alisalimika kwa sababu hakuna aliyeigusa akaunti yake.

Hili si kosa lililojificha ndani ya PHP. Limeandikwa kwenye mwongozo, na kuna chaguo linaloitwa FETCH_PROPS_LATE linalogeuza mpangilio ili konstrakta itangulie na data ifuate. Ungeliweka hilo na tatizo la siku ile lingeisha kwa neno moja. Lakini mimi sikuona kwamba linatosha, kwa sababu wazo lenyewe bado limechanganyika. Kufungua akaunti ni tukio linalotokea mara moja katika maisha ya msusi pale kibandani. Kusoma akaunti yake kutoka kwenye jedwali hutokea mara kumi kwa siku, na hakuna chochote kinachofunguliwa. Konstrakta moja ikibeba kazi zote mbili, siku moja mtu mwema ataongeza mstari wa busara unaofaa kwa moja na kuua nyingine.

Mtunzaji, nilipompigia simu, alikuwa muungwana, hakubisha. Pendekezo lake lilikuwa lile ambalo ningelisikia kwa watu tisa kati ya kumi: tuache uchawi wa PDO, tuandike seta kwa kila fildi, yaani fanksheni ya wazi ya kuweka thamani, na mkalimani azitumie hizo. Hapo kila kitu kinapita mlangoni, si ndiyo?

Mimi sipendi seta, na sababu zangu nilizikuta kwenye msimbo uleule. Seta ya salio ilikuwepo tayari. Nikatafuta inaitwa wapi. Mahali saba. Mmoja ni ukurasa wa ripoti ambao, ili uonyeshe msusi atabaki na ngapi baada ya ada ya kibanda, ulikuwa unapunguza salio ndani ya objekti na kulichapisha. Haukuhifadhi, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini siku mtu angeongeza kitufe cha kuhifadhi kwenye ukurasa ule, ada ingekatwa kila ripoti inapofunguliwa. Fildi ya siri yenye seta ya wazi ni nyumba yenye kufuli ambayo ufunguo umetundikwa juu ya mlango. Na mlango huo ulifunguliwa kwa ajili ya mkalimani peke yake, ila programu haina namna ya kujua anayeingia ni mkalimani au ni ripoti.

Maktaba kubwa zimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Martin Fowler katika kitabu chake cha 2002, Patterns of Enterprise Application Architecture, alitenganisha njia mbili: moja ambayo objekti yenyewe inajua kujisoma na kujiandika kwenye jedwali, ambayo Ruby on Rails iliieneza kuanzia 2004, na nyingine ambayo mkalimani anakaa pembeni na objekti haijui kabisa kwamba hifadhidata ipo. Hibernate ya Java, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ni ya kundi hili la pili. Ndani yake unaweza kuchagua mkalimani apitie fanksheni zako au aende moja kwa moja kwenye fildi. Anapokwenda moja kwa moja hutumia rifleksheni, uwezo wa programu kujichungulia na kujigusa yenyewe wakati inaendeshwa, akifungua kwa nguvu kile kilichotangazwa kuwa cha siri. Doctrine ya PHP inafanya vivyo hivyo, na haiiti konstrakta kabisa inaposoma kutoka kwenye jedwali. Zamani, kabla PHP haijaweka njia rasmi ya kuunda objekti bila konstrakta, Doctrine ilitumia ujanja wa kuidanganya PHP kwamba inafufua objekti iliyokuwa imegandishwa kuwa maandishi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Lakini wazo ni sahihi: kinachotoka kwenye hifadhidata hakizaliwi upya.

Je, rifleksheni si uvunjaji wa siri? Watu wa Java walibishana sana juu yake, na tangu Java 9 ya 2017, na zaidi Java 17 ya 2021, lugha yenyewe imebana, huwezi tena kuingia kwa nguvu ndani ya klasi zake za msingi. PHP ikaenda upande mwingine: tangu 8.1, ya mwaka huohuo wa 2021, rifleksheni inafikia fildi za siri bila hata kuomba ruhusa. Kwa maoni yangu, usiri wa fildi haukuwekwa kukinga wezi. Mwenye nenosiri la MySQL haihitaji klasi yako. Umewekwa ili mimi, nikiandika ripoti saa tano za usiku, nisibadilishe salio bila kujua. Mkalimani mmoja aliyeandikwa kwa uangalifu, akaingia kwa mlango wa nyuma unaojulikana, hanitishi. Seta saba zinanitisha.

Kwa mfumo mdogo kama ule wa kibanda sikuona haja ya kuleta Doctrine. Lugha ina kitu rahisi zaidi ambacho wengi hukisahau: usiri ni wa klasi, si wa objekti moja moja. Fanksheni iliyo ndani ya klasi ya Akaunti inaweza kugusa fildi za siri za akaunti yoyote. Basi nikaandika hivi:

class Akaunti
{
    private $namba;
    private $salio;

    private function __construct() {}

    public static function fungua($namba)
    {
        $a = new self();
        $a->namba = $namba;
        $a->salio = 0;
        return $a;
    }

    public static function rejesha(array $mstari)
    {
        $a = new self();
        $a->namba = (int) $mstari['namba'];
        $a->salio = (int) $mstari['salio'];
        return $a;
    }
}

Konstrakta imefungwa na haina kitu ndani. Anayetaka akaunti mpya anaita fungua. Mkalimani anaita rejesha. Sifuri iko mahali pamoja, na pale ilipo haiwezi kumfikia mtu mwenye akiba. Baada ya hapo kuna fanksheni za kuongeza na kutoa, na zenye kanuni ni hizo: huwezi kutoa zaidi ya ulichonacho, huwezi kuongeza kiasi hasi. Seta zote nilizifuta.

Mtaona kwamba rejesha haikagui kanuni hizo, inahakikisha tu kwamba inapata namba. Hilo nililifanya kwa makusudi, na kuna wenzangu hawakubaliani nami. Wanasema objekti isikubali kamwe kuwa na hali iliyokatazwa. Ningekubali, kama si msusi mmoja pale ambaye salio lake lilikuwa chini ya sifuri kwa shilingi 3,000. Mama alimkopesha karo ya mtoto, kabla ya kanuni ya kutokutoa zaidi kuwekwa. Deni ni la kweli na wote wawili wanalijua. Kama mkalimani angelazimika kupita kwenye kanuni za leo, akaunti ya dada huyo isingesomeka kabisa, na Jumamosi asubuhi asingeweza kuandikiwa kichwa hata kimoja, yaani hata njia ya kulipa deni ingefungwa. Kanuni inazuia kitendo kipya. Yaliyokwisha kutokea inabidi tuyasome kama yalivyo, yakitupendeza au yasitupendeze.

Kuna jambo jingine nililolikuta kwenye hifadhidata, na hili naomba wenye mifumo ya zamani mkaliangalie leoleo. Aliyeunda majedwali mwanzoni alikuwa ameandika sharti kwa neno CHECK, kwamba kiasi cha malipo kisiwe hasi. Vizuri sana. Lakini MySQL yao ilikuwa 5.7, na MySQL kabla ya toleo la 8.0.16, la mwaka 2019, ilikuwa inalikubali neno hilo, hailalamiki, halafu inalipuuza. Miaka yote hiyo waliamini kuna mlinzi getini. Hakukuwa na mtu.

Kurudisha pesa kulituchukua siku mbili. Tulikaa na daftari la mama, mpwa wake akisoma na mimi nikiandika, kichwa baada ya kichwa, tangu tarehe mosi. Hapo ndipo nikaamua kuondoa salio kwenye jedwali la akaunti. Sasa kila kichwa ni mstari wake katika jedwali la miamala, hakuna mstari unaofutwa wala kubadilishwa, makosa yanasahihishwa kwa mstari mwingine, na salio linapatikana kwa kujumlisha. Rejesha siku hizi inapokea jumla iliyokwisha kupigwa. Kwa wasusi wachache na vichwa vya mwezi mmoja, MySQL inajumlisha kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo msiniletee hoja ya kasi.

Daftari bado liko mezani, mama hataki kusikia habari ya kuliacha, na sikumshauri aliache. Kuna swali moja tu ambalo muundo huu mpya haujalijibu: wasusi wawili wa kichwa kimoja wakiandikiwa kwa wakati mmoja kutoka kwenye simu mbili, mmoja akiwa anatoa pesa sekunde ileile. Hapo inabidi tuzungumze kuhusu kufunga mistari, na hiyo nitaiandika nikipata nafasi wiki mbili hivi zijazo.